Mbunifu wa uzoefu wa mtumiaji anahitaji kuelewa msimbo kwa kiasi gani?

Mbunifu wa Kanda ya Ziwa (swali)

Ndugu zangu, salamu. Ninafanya kazi ya ubunifu wa uzoefu wa mtumiaji, nikiwa nimetokea kwenye usanifu wa mabango na vifungashio, na ninaomba ushauri wenu kuhusu jambo lililoninyima usingizi kwa wiki tatu sasa. Sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu. Kazi yangu huanza kwa mazungumzo na watumiaji na kuishia kwenye michoro ya Figma, programu ya kuchorea skrini, kisha huikabidhi kwa waandishi wa programu, nami nikageukia kazi nyingine.

Mradi ninaouzungumzia ni mfumo wa kusajili wafugaji katika vijiji vya Shinyanga na Simiyu. Wakala mwenye simu janja humtembelea mfugaji, hujaza jina, namba ya kitambulisho cha taifa, kijiji na idadi ya ng'ombe, na baadaye mfumo humtumia mfugaji ujumbe mfupi wa kumkumbusha siku ya chanjo, kwa kuwa wengi wao wanatumia vitochi. Michoro yangu nilikuwa nimeijaribu na mawakala sita, mmoja baada ya mwingine, na wote waliielewa bila kuelekezwa.

Siku ya majaribio ya kijijini nilikaa chini ya mwembe nyuma ya wakala mmoja aliyekuwa akimsajili mzee ambaye jina lake la ukoo linaanza na Ng'w, kama yalivyo majina mengi ya Kisukuma. Wakala akaandika jina, akabofya, na maandishi mekundu yakatokea: "Jina si sahihi." Akarudia polepole akidhani amekosea herufi, na jibu likawa lile lile. Mzee akauliza simu imesema nini. Wakala hakumjibu, aliliandika jina upya bila ile alama ya ng', mfumo ukakubali, na mzee akasajiliwa kwa jina ambalo si lake. Mtu wa zaidi ya miaka 70 aliambiwa kwamba jina lake si sahihi, nami nilikuwa nimekaa pale pale, na maneno yale matatu niliyaandika mimi.

Kulikuwa na mengine. Kitufe nilichokiandika "Hifadhi na uendelee" kilikatika kikasomeka "Hifadhi na uen". Halafu mhasibu ametuletea hesabu ya ujumbe mfupi uliotumwa, na gharama ni mara mbili ya tuliyoitarajia, ilhali idadi ya wafugaji ni ile ile. Waandishi wa programu wanasema wamejenga walichochorewa, na kwa kweli siwezi kuwapinga, kwa sababu sijui mambo haya yanatokea wapi. Kiongozi wangu naye anaona kila mtu abaki na kazi yake, na kwamba mbunifu akianza kusoma msimbo ataacha kumsikiliza mtumiaji. Je, ni kweli? Na kama si kweli, ninapaswa kujua kiasi gani?

Fundi Programu

Dada, pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kukaa chini ya mwembe ule, maana wabunifu wengi hawafiki huko. Nimeandika programu kwa miaka 14, na jibu langu ni kwamba unapaswa kuuelewa msimbo hata kama hutauandika maisha yako yote. Fundi cherehani hafumi kitambaa, lakini anajua kipi hupungua kikifuliwa na kipi huchuja rangi, na kwa sababu hiyo anaacha nafasi kwenye mshono kabla mteja hajaivaa nguo. Figma inakuonyesha nguo iliyotundikwa. Kitambaa chenyewe ni msimbo.

Nianze na jina la mzee. Mahali fulani katika programu yenu kuna kanuni ya ukaguzi inayosema jina liwe na herufi za A hadi Z pekee. Kanuni za namna hii hunakiliwa kutoka mradi mmoja hadi mwingine, na aliyeitunga ya kwanza huenda hakuwa na ng' katika lugha yake. Mchoro wako ulionyesha kosa litakavyoonekana, rangi yake na maneno yake, lakini haukusema ni kitu gani kihesabiwe kuwa kosa. Kwa hiyo uamuzi kuhusu majina ya watu ulifanywa na mtu ambaye hata hakujua kwamba anafanya uamuzi. Ungejua kwamba nyuma ya kila sehemu ya kujaza kuna kanuni, ungeuliza kanuni ya sehemu ya jina inasema nini, na swali hilo lingechukua dakika mbili.

Gharama ya ujumbe nayo, ukiifuatilia, inaelekea kuwa inatokana na alama ile ile. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160 ikiwa herufi zote zimo katika orodha ya msingi ya mitandao ya simu. Ikitokea hata moja iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa uandishi, na kikomo hushuka hadi herufi 70. Alama iliyonyooka ya ng' imo katika orodha. Ile iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe ili maandishi yapendeze, haimo. Chukua mfano huu: "Ng'ombe wako 12 wanatakiwa kupata chanjo ya kimeta Jumatano saa 2 asubuhi kwenye josho la kijiji. Fika na kadi ya mifugo." Hizo ni herufi 121, ukihesabu na nafasi, ujumbe mmoja. Ukiuandika kwa alama iliyopinda, mtandao unaukata vipande viwili na kutoza viwili. Kwa macho huoni tofauti yoyote ya maana, na ukiuchapisha kwenye bango haina madhara. Ukiutuma kwa wafugaji 10,000, umelipia ujumbe 20,000. Nenda kaangalie maneno uliyowakabidhi yaliandikwa kwa alama ipi. Na kwenye kanuni ya majina, wakumbushe wenzako kuruhusu zote mbili, kwa sababu baadhi ya kibodi za simu huipindisha alama bila mtumiaji kujua.

Kitufe ni jambo jepesi. Mtu amekipa upana usiobadilika, labda pikseli 120 kama ulivyochora, badala ya kukipa nafasi pembeni mwa maneno na kukiacha kitanuke chenyewe. Wakala naye pengine amekuza maandishi ya simu yake kwa sababu ya macho. Katika CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, ni tofauti ya mstari mmoja, lakini mchoro wa Figma wenye kipimo kimoja unamwambia mjenzi kwamba kipimo hicho ndicho sheria.

Sasa nikuulize kitu ambacho hukukitaja. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kwenye mchoro wako sehemu hiyo uliielezaje? Kama uliandika "namba" na mwandishi wa programu akaichukua kuwa namba, kagua rekodi zenu leo hii. JavaScript, lugha ya msimbo inayotumika kwenye kurasa za wavuti, huhesabu namba nzima kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu, yaani tarakimu 16. Ukiipa namba ya tarakimu 20, haikatai wala hailalamiki. Inaihifadhi iliyo karibu nayo, na za mwisho zinageuka sifuri. Namba ya kitambulisho haijumlishwi wala haigawanywi. Ni utambulisho kama lilivyo jina, hivyo ihifadhiwe kama maandishi, kisha mtumiaji afunguliwe kibodi ya tarakimu ili asihangaike. Hiyo ni sentensi moja pembeni mwa mchoro, lakini asiyejua kwamba kompyuta hutenganisha namba na maandishi hawezi kuiandika.

Wako watu wanaosema msimbo humfunga mbunifu. Mwaka 2010 Ethan Marcotte, mbunifu wa tovuti wa Marekani, alieleza namna ya kubuni ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa skrini, wakati wengi walikuwa wakijenga tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Viungo vyake vitatu, yaani gridi inayonyumbulika, picha zinazonyumbulika na masharti ya CSS yanayosoma upana wa skrini, vilikuwapo tayari. Aliviona kwa pamoja kwa sababu alikuwa akisoma msimbo na kubuni kwa kichwa kimoja.

Mtafsiri wa Violesura

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema kaka, na nitaongeza upande wa lugha, kwa sababu sisi tunaobuni kwa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kujua msimbo, nayo haizungumzwi vya kutosha.

Mwandishi wa programu hapendi kuandika sentensi ile ile mara kumi, na hilo ni jambo jema. Anaandika kiunzi kimoja chenye pengo, na programu hulijaza pengo kwa neno linalohitajika. Kwa Kiingereza kiunzi cha "fulani kimehifadhiwa" hufanya kazi kwa kila nomino, kwa kuwa kitenzi hakibadiliki. Kwetu kijiji kimehifadhiwa, chanjo imehifadhiwa, jina limehifadhiwa, na mfugaji amehifadhiwa, ingawa huyo wa mwisho anasikika kama aliyefichwa ghalani. Nimeona mfumo mzima ulioandikwa "Kijiji imehifadhiwa" na "Jina imehifadhiwa", na mbunifu wake, mzungumzaji hodari wa Kiswahili, alikuwa amechora skrini moja tu ya mfano, ya chanjo, ambako ngeli ilikubaliana kwa bahati. Hakujua kwamba sentensi yake ingegeuzwa kiunzi.

Anayejua jinsi viunzi vinavyofanya kazi hupata njia iliyo rahisi kwa pande zote mbili, nayo ni kumfanya mtumiaji awe mtendaji: "Umehifadhi kijiji", "Umehifadhi chanjo", "Umesajili ng'ombe 1", "Umesajili ng'ombe 40". Kitenzi kimoja, pengo moja, na sarufi haivunjiki kwa ngeli yoyote wala kwa umoja na wingi. Suluhisho hilo haliwezi kutoka kwa mwandishi wa programu pekee, kwa maana yeye haoni tatizo la lugha, wala kwa mtaalamu wa lugha asiyejua kiunzi ni kitu gani.

Jambo la pili ni saa, nalo lazima ulikague kabla ujumbe mwingine haujatoka, mdogo wangu. Programu huhifadhi saa kwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane. Chanjo iliyopangwa asubuhi, ng'ombe wakiwa bado hawajaenda malishoni, imekaa humo kama 08:00, na usipotoa maelekezo ujumbe utamwambia mfugaji "saa 8:00". Mfugaji atafika josho saa nane mchana na kukuta mtaalamu wa mifugo ameondoka zamani. Andika pembeni mwa mchoro kwamba saa igeuzwe kwa tofauti ya saa 6 na ifuatwe na neno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na utoe mfano wa kila kipindi.

Mtafiti wa Watumiaji

Mimi nitasimama upande wa kiongozi wako kwa kiasi fulani, kwa sababu anachokihofia nimekifanya mwenyewe.

Niliwahi kubuni menyu za USSD, zile za kubofya nyota na namba kwenye simu, za huduma ya akiba. Kabla ya hapo nilijifunza mambo ya kiufundi kwa bidii, nikajua kwamba ukurasa mmoja wa USSD haubebi zaidi ya herufi 182 na kwamba mtandao hukata mazungumzo mtumiaji akichelewa kujibu. Nilijivunia ujuzi huo. Katika ukurasa wa kutoa fedha nilitakiwa kuweka kiasi, makato, salio litakalobaki na swali la kuthibitisha, na nilipohesabu herufi nikaona havitoshi, nikaondoa makato. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilijikatalia mwenyewe, kimya kimya, mezani kwangu.

Wiki chache baadaye nilikuwa sokoni nikizungumza na watumiaji, na mama mmoja muuza dagaa akanionyesha daftari ambamo alikuwa ameandika kila alichotoa na kila alichopokea, na tofauti yake akaizungushia kwa kalamu nyekundu. Alikuwa ameshaamua kwamba tunamwibia. Nilipomweleza mwandishi wa programu, alishangaa kwamba jambo hilo limenisumbua: aliweka ukurasa wa makato kabla ya ukurasa wa kuthibitisha, na kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Kikomo nilikijua, lakini sikujua kwamba kinaweza kuzungukwa kirahisi kiasi kile, na kwa kuwa nilijiona najua, sikuuliza.

Kwa hiyo, dada, jifunze, lakini uwe na mpangilio wa kazi. Andika kwanza anachokihitaji mtumiaji, kwa maneno yake, kabla hujafikiria kinajengwaje, na karatasi hiyo usiifute hata ukiambiwa haiwezekani. Baada ya hapo ndipo ujuzi wako wa msimbo uingie, nawe uende nao kwa mwandishi wa programu kama swali. Ukiuliza "Je, sehemu hii inakubali alama ya ng'?" unamsaidia. Ukinyamaza kwa kuwa unadhani haikubali, umemwacha mzee wa chini ya mwembe mahali pale pale alipokuwa.

Sikubaliani pia na wanaomtaka mbunifu awe mwandishi kamili wa programu. Siku zina saa zile zile 24, na mradi wenye mbunifu anayerekebisha msimbo usiku hauna mtu wa kwenda kijijini asubuhi.

Fundi Programu

Mtafiti amesema kweli, na natamani kila mbunifu ninayefanya naye kazi aje na maswali ya namna hiyo. Nami naongeza njia ya kuanzia, kwa kuwa dada aliuliza kiasi gani. Usianze na kozi ya miezi sita. Fungua ukurasa wenu wa kusajili kwenye kivinjari cha kompyuta, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kile kitufe kilichokatika, uchague kukagua. Utaona HTML, lugha inayojenga vilivyomo kwenye ukurasa, upande mmoja na CSS upande mwingine, na unaweza kubadilisha chochote bila kuharibu kitu, kwa kuwa ukipakia ukurasa upya yote yanarudi yalivyokuwa. Futa upana wa kitufe uone kinavyotanuka. Weka jina refu la kijiji. Kivinjari hicho hicho kinaweza kuigiza mtandao wa polepole. Kiwekee mtandao huo, kaa kimya, na utazame kile anachokitazama wakala wako akiwa Meatu wakati ukurasa haujafunguka. Hilo halimo katika mchoro wako wowote, kwa sababu Figma haina hali ya kusubiri mtandao.

Baada ya hapo jifunze HTML ya fomu, kwa kuwa kazi zako nyingi ni fomu: aina za sehemu za kujaza, lebo, na tofauti ya kitufe halisi na kisanduku kilichopakwa rangi kikafanana na kitufe. Kwa asiyeona anayetumia kisoma skrini tofauti hiyo ni kubwa, kwani kitufe halisi hutangazwa kwamba ni kitufe, na kisanduku kilichopakwa rangi husomwa kama maneno tu.

Mbunifu wa Kanda ya Ziwa (muulizaji)

Nawashukuru nyote, kaka na dada zangu. Sikujibu mapema kwa sababu nilikwenda kukagua kwanza.

Alama ya ng' katika ujumbe wetu ilikuwa iliyopinda. Niliipindisha mimi: maneno niliyaandika katika programu ya kuandikia, nikayanakili kwenye mchoro, na kutoka huko yakaingia kwenye mfumo kama yalivyo. Kanuni ya majina nimeisoma mwenyewe, mwandishi wa programu akinionyesha mstari wenyewe, nasi tumeibadilisha tukiwa tumekaa pamoja. Maneno "Jina si sahihi" nimeyaondoa kabisa, kwa sababu hakuna mashine inayoweza kujua jina la mtu kuliko mwenye jina. Mfumo sasa unakataa tu sehemu iliyoachwa wazi. Kitufe tumekiacha kitanuke. Saa ilikuwa sahihi, ila kwa bahati, kwa kuwa ujumbe wa kwanza uliandikwa kwa mkono.

Namba za vitambulisho ndizo zilizonitoa jasho. Tulifungua rekodi za siku ya majaribio, na zote, moja baada ya nyingine, zinaishia na sifuri tatu au zaidi. Katika mchoro wangu nilikuwa nimeandika neno moja, "namba".

Nilipoona hivyo nikarudi kwenye daftari langu la kijijini, mahali nilipoandika kwamba vijana wawili mapacha, Kulwa na Doto, walikuja kusajiliwa pamoja, Kulwa akapita na Doto akaambiwa ameshasajiliwa. Sote tulidhani wakala amebofya mara mbili. Wamezaliwa siku moja, walichukua vitambulisho siku moja, na namba zao zinatofautiana katika tarakimu za mwisho tu, zile ambazo mfumo wetu ulizigeuza sifuri. Doto ana ng'ombe 9, na hakuna hata mmoja aliye katika orodha ya chanjo.

Sehemu ile sasa ni maandishi yenye tarakimu 20, inakubali na vistari kama vilivyo kwenye kitambulisho, na inafungua kibodi ya tarakimu. Waliosajiliwa siku ile lazima waandikwe upya, kwa kuwa tarakimu zilizopotea haziwezi kurudishwa. Alhamisi ninakwenda huko na wakala na mwandishi wa programu, ambaye hajawahi kufika kijijini tangu mradi uanze. Tutaanza kwa mzee wa jina la Ng'w, kisha twende kwa Doto.